Ada ya Mgeni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua za kwanza zimeshuka leo, na tangazo limeshuka nazo. Tumelikuta kwenye mlango wa karakana, limefunikwa kwa nailoni lisilowe: kuanzia muhula ujao, ada ya wanafunzi wa kigeni inapanda kwa theluthi moja. Wenyeji hawaguswi.

"Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," nilimwambia Mrefu. "Jembe tulishapewa. Sasa wanataka tulinunue."

Mrefu alicheka kicheko kifupi kisichofika machoni. Darasani wageni ni sisi wawili tu, kila mmoja na nchi yake. Ni kijana mrefu hivi kwamba akikaa kwenye meza ya kazi magoti yanamfika kidevuni, ila vidole vyake ni vyepesi kama vya msusi.

Niweke sawa mambo yangu kabla hofu haijaniwekea yake. Nina miaka thelathini na miwili. Kwa miaka tisa nilikuwa msaidizi wa daktari wa meno nyumbani. Kazi yangu ilikuwa kushika taa na kukusanya yaliyong'olewa. Tuling'oa sana. Hatukurudisha hata moja, kwa sababu mtu wa kutengeneza meno bandia hayupo mji mzima. Wagonjwa waliondoka wakiwa wamefunika mdomo kwa mkono, wengine wakaendelea kuufunika mpaka walipozeeka. Ndipo nikamwambia mwenzangu, ambaye ni mwokaji wa mikate, kwamba nataka kwenda kusomea ufundi huo. Aliendelea kukanda unga, kisha akasema, "Nenda. Lakini urudi."

Nilimwacha na binti yetu wa miaka minne. Sasa ana sita. Tunamwita Bibi Mdogo kwa sababu tangu alipoanza kutembea anatembea mikono nyuma, anakagua nyumba.

Umebaki muhula mmoja tu. Siwezi kushindwa na muhula mmoja.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nimepanga meno ya juu yote kwenye nta. Mkuu wa Karakana ameyatazama, akanyamaza, akapita. Kwake yeye kunyamaza ni pongezi.

Jumamosi, 8 Machi

Mwenye nyumba wangu amepandisha bei ya maji ya moto. Naona wamekaa kikao na chuo.

Mimi namwita Bi Mtandio, si mbele yake. Anaishi chini, mimi naishi chumba cha juu chenye dirisha moja na bomba linaloguna. Akisema na wewe anavuta mtandio mpaka puani, na maneno yanatoka yamelowa: "Maji ya moto ni mara moja kwa siku. Ukitaka mara mbili, ulipe mara mbili." Tangu nihamie hapa sijamwona akila. Sufuria yake daima ni uji na supu. Mdomo ukikunjwa ndani namna ile, mimi sihitaji kuuliza. Juu hana hata moja. Chini labda ana mawili ya kuonyesha njia.

Simpendi. Ila kila nikimwona vidole vyangu vinawashwa na hamu ya kazi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kwenye dirisha la ada. Mhasibu ni mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, na foleni yake ilikuwa imefika ngazini, wote wageni.

"Dada, hayo hayakupangwa na mimi," aliniambia kabla sijafungua mdomo.

"Najua, mama. Nataka kujua tu mwisho wa kulipa ni lini, na nisipolipa nini kinatokea."

Alinishukuru kwa macho, nadhani kwa sababu sikupiga kelele. Mwisho ni tarehe kumi na tano Aprili. Usipolipa jina linafutwa kwenye muhula. Jina likifutwa, kibali cha ukaazi hakirefushwi. Na kabla ya kibali kuna bima, na kabla ya bima kuna uthibitisho wa benki kwamba una hela ya kula. Kila mlango una mlango wake.

Ada ya zamani tulikuwa tumeiweka tayari, mimi na mwenzangu, kwa mikate yake na masufuria yangu. Kibali kinaniruhusu saa chache za kazi kwa wiki, nazo zote naosha masufuria kwenye kantini. Hiyo nyongeza ndiyo hatuna, na hata ningeosha masufuria ya jeshi zima nisingeipata kufikia Aprili.

Nilitoka nje, nikasimama chini ya mvua kidogo, nikaona haisaidii, nikaenda darasani.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimemfuata Mkuu wa Karakana ofisini kwake. Ni mzee mkavu, ndevu zimejaa vumbi la plasta hata siku za sikukuu.

"Mwalimu, muhula wa mwisho tunafundishwa nini?"

"Hamfundishwi. Mnafanya mazoezi ya yale mnayoyajua."

"Na mtu akiwa ameshayajua?"

Alinitazama muda mrefu. Kisha akaniambia kuna mtihani wa kabla ya wakati. Upo tangu chuo kianze, ila watu hawaupendi. Unapewa wiki moja, Jumatatu mpaka Ijumaa, unatengeneza meno kamili ya juu na chini ya mtu halisi, mbele ya mkaguzi kutoka nje. Ukifaulu, unapewa stashahada yako na unakwenda zako. Ukishindwa hakuna kurudia mtihani: unarudia mwaka mzima, kwa ada mpya.

"Ada ya mtihani wenyewe?"

"Hata wewe unaimudu. Lakini sikiliza, mama. Wa mwisho kujaribu alianguka, na alikuwa mzuri kuliko wewe."

"Labda hakuwa na haraka kama mimi."

"Haraka ndiyo iliyomwangusha," alisema.

Hata hivyo, nilipofika mlangoni aliniita, akaniambia nilete fomu ya mtihani asaini kabla hajabadili mawazo.

Jumapili, 23 Machi

Mama mkwe amepiga simu mwenyewe. Yeye huwa hapigi. Huwa anaongea kupitia kwa mwanawe, kama mahakamani.

Tangu niondoke, Bibi Mdogo anashinda kwake, kwa sababu mwokaji anaamka alfajiri. Nilijua anatusaidia. Nilijua pia kwamba hakupenda nije huku. Siku ya kuaga aliniambia, "Mwanamke anayevuka mpaka kutafuta meno, ya kwake yanamtosha kweli?" Watu walicheka, nami nikacheka, lakini sikusahau.

Leo sauti yake ilikuwa laini.

"Mkaza mwanangu, nimesikia habari za hiyo ada. Mume wako hali, amekonda."

"Tunapambana, Mama."

"Kupambana kwa nini na mimi nipo? Nina kile kiwanja changu cha kando ya barabara. Mnunuzi ninaye. Nauza, nalipa ada yako yote, na nauli ya kurudi juu yake."

Nilikaa kitandani. Sikuwahi kufikiri mama huyu angeniuzia hata sindano.

"Mama, sijui niseme nini."

"Usiseme. Ila nina jambo langu dogo. Bibi Mdogo abaki kwangu. Siyo kushinda, kubaki. Awe wangu. Ameshanizoea, nami nimeshamzoea, na nyumba yangu ni kubwa haina mtu. Nyinyi bado vijana, mtapata wengine."

Bomba liliguna ukutani. Nilimsikia Bibi Mdogo kwa mbali, nyuma ya simu, akimwambia mtu, "Viatu haviwekwi hapo."

Moyo wangu haukusitasita hata kidogo, na hilo ndilo linalonishangaza sasa ninapoandika. Nilisema:

"Mama, asante. Asante sana, na natoa shukrani zangu kwa heshima zote. Lakini mtoto hauzwi."

"Nani kasema kuuza?"

"Kama kuna kiwanja upande mmoja na mtoto upande wa pili, Mama, hilo ni soko."

Akakata simu.

Jumatatu, 24 Machi

Mwenzangu ameandika neno moja tu: "Kwa nini?" Sijajibu. Nimepiga pasi nguo zote, hata mataulo.

Alhamisi, 27 Machi

Nimejiandikisha kwenye mtihani. Mhasibu wa dirishani alipoona ni malipo ya nini alivua miwani, akaivaa tena. "Mungu akutangulie," alisema, akagonga muhuri.

Tatizo: mtahiniwa anajitafutia mgonjwa mwenyewe. Awe hana meno, awe tayari kuja kila siku ya wiki, na asiwe ndugu. Nina ndugu nchi hii? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni; mimi ninayemjua nje ya chuo ni mtu mmoja, na hanipendi.

Nilishuka ngazi na birika la chai, kwa sababu mkono mtupu haulambwi. Bi Mtandio alikuwa anakunja nguo.

"Kama ni habari ya maji ya moto, bei ni ileile."

"Si maji, mama. Nataka kukutengenezea meno."

Mtandio ulipanda mpaka chini ya macho. Nilidhani atanifukuza, na chumba nacho kiende. Alikunja shuka moja, akalikunjua, akalikunja upya.

"Nilikuwa nayo," alisema mwishowe. "Nilitengenezewa, nikalipa hela nyingi. Yalikuwa yananicheza mdomoni kama njugu. Siku ya harusi ya mwanangu nilicheka, ya juu yakaanguka kwenye sahani ya mkwe. Mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo sili na watu."

Sikucheka. Najua wengine wangecheka.

"Ya kwangu hayataanguka," nilimwambia.

"Unajuaje?"

"Yakianguka, mimi ndiye nitakayefeli."

Aliwaza. Nilimwona akiwaza kama mfanyabiashara, na hapo nikamwelewa zaidi kuliko miaka miwili yote niliyomlipa kodi. Akasema, "Basi na mimi nitakuwa na kitu cha kukushikia." Akanimiminia chai yangu mwenyewe, nusu kikombe.

Jumatano, 2 Aprili

Nimegombana na mwenzangu. Mara ya kwanza tangu niondoke.

"Umemjibu mama kama unavyomjibu dalali," alisema.

"Alinijia kama dalali."

"Alikuja na kiwanja chake cha pekee! Wewe umekikataa, halafu unakwenda kuweka mwaka mzima rehani kwa wiki moja. Unacheza kamari, Fundi. Kwa jasho langu pia."

Hapo aligusa penyewe. Ni jasho lake kweli. Amesimama mbele ya tanuri miaka miwili, mikono imejaa makovu ya trei.

"Ungekubali?" nilimuuliza. "Niambie. Ungempa Bibi Mdogo?"

Nyuma yake nilisikia trei zikipangwa.

"Sijui," alisema. "Nilipokuwa peke yangu hapa na simu imekwisha, kuna siku ningekubali chochote."

Hilo limeniuma kuliko kelele. Lakini sikubadili msimamo, nikamwambia hivyo: sitambadilisha mtoto kwa karatasi, na mtihani huo nitaushinda. Akasema, "Usiku mwema," ingawa kwao ilikuwa jioni tu.

Jumapili, 6 Aprili

Mrefu ameondoka. Nyongeza hawakuipata kwao, na alama zake za vitendo hazikufika za kumruhusu mtihani wa mapema. Alipungukiwa na chache sana. Mimi namjua: zilipungua muhula ule alipokuwa akifanya kazi ya kubeba mizigo sokoni, akija darasani mikono inatetemeka.

Nilimsindikiza mpaka stendi. Aliniachia kisu chake cha nta. "Kinajua kazi," alisema. Alilazimika kuinama kuingia kwenye basi, na akakaa kiti cha nyuma ambako miguu yake ingepata nafasi. Hakulia. Mimi nililia kwenye mvua, ambako haionekani.

Watasema mwanafunzi huyu aliacha masomo. Hakuacha. Aliachishwa.

Ijumaa, 11 Aprili

Mwenzangu amepiga simu, sauti yake ya zamani.

"Nina jambo la kukwambia, na mama aliniapisha nisikwambie."

Wiki iliyopita Bibi Mdogo alishikwa na homa kali, akalazwa. Mama mkwe alikaa naye hospitali siku zote, akilala kwenye kiti, akikataa kupokewa zamu. Mwenzangu alipotaka kunipigia, mama alimnyang'anya simu: "Mkeo ana mtihani. Ukimwambia atafanya nini huko, atapanda ukuta? Muache afanye kazi yake. Mtoto ninaye mimi."

"Sasa yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, mzima. Anakagua dawa za watu."

Nimekaa na habari hii jioni yote. Nilishamuweka mama huyu kwenye kabati moja, nikafunga mlango. Aliyetaka kuninyang'anya mtoto ndiye aliyemwokoa, tena akanilinda mimi. Bado nasema nilimjibu sawa. Ila sasa najua alikuwa hanunui. Alikuwa anaomba, na hajui kuomba.

Nimempigia. Hakupokea. Nimetuma ujumbe: "Mama, Mungu akulipe. Nimesikia." Hakujibu, lakini ameusoma.

Jumanne, 15 Aprili

Siku ya mwisho ya kulipa. Sikwenda. Jina langu halipo tena kwenye muhula ujao. Nimelala vizuri mchana, kama mtu aliyeshamaliza kubishana.

Jumatatu, 21 Aprili

Mtihani umeanza. Mkaguzi ni mwanamume mnene, mpole wa sura, mkali wa macho, anatembea na viatu visivyolia. Daktari wa chuo amechukua alama za mdomo wa Bi Mtandio. Mama huyo alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete yake ikaniachia chapa. Nimemimina plasta. Nimemimina maumbo mawili ya kila taya badala ya moja, ni tabia yangu tu, huwa siamini kitu kimoja.

Jumanne, 22 Aprili

Leo tumepima kimo cha kuumana kwa taya na kuchagua rangi. Bi Mtandio anataka meno meupe kama sahani.

"Mama, ukivaa hayo, watu itabidi wavae miwani ya jua."

"Nimelipia uzee wangu, nataka weupe."

Tulishindana. Mkaguzi alikuwa anasikiliza, kalamu imesimama. Nikachukua kioo, nikamshikia sampuli mbili mdomoni, moja baada ya nyingine, nikanyamaza kama Mkuu wa Karakana. Alichagua mwenyewe ile yenye umanjano kidogo.

Jumatano, 23 Aprili

Jaribio la nta. Bi Mtandio amevua mtandio mbele ya kioo. Ana kidevu kizuri, nani angejua? Alijitazama, akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Jino hili la mbele lilikuwa limepinda," alisema. "Lilikuwa limempanda mwenzake kidogo. Mume wangu alikuwa akinitania nalo."

Nikalipasha moto kwa kisu cha Mrefu, nikalipindisha kidogo. Alitazama tena. Akajifuta macho kwa mtandio, na mara hiyo mtandio ukapata kazi yake halali.

Alhamisi, 24 Aprili

Niandike hili polepole.

Asubuhi nilifunga kazi kwenye makopo ya shaba, nikayeyusha nta, nikashindilia plastiki ya ufizi, nikaibana kwa skrubu, nikaipika. Yote kama nilivyofanya mara nyingi. Alasiri nilifungua. Ya juu ilitoka safi, jino lililopinda limekaa kwa madaha. Nikafungua ya chini. Nikaiweka kwenye kifaa cha taya, nikafunga.

Haikufunga. Kulia yaligusana, kushoto mwanga ulipita, unene wa ukucha. Nikaangalia kopo: punje ya plasta ilikuwa imekaa ukingoni, kopo halikufunga sawasawa, meno yote ya chini yamepanda upande mmoja. Punje tu, si kubwa kuliko punje ya mchele.

Nilijua njia ya mkato, kila fundi anaijua: unayasaga meno ya kulia mpaka yalingane na ya kushoto. Karatasi ya wino itaonyesha kila kitu kimegusana. Mkaguzi ataona kazi nzuri. Baada ya mwezi Bi Mtandio atakuwa anatafuna kwa meno yaliyosagwa, ufizi unamuuma, na mtandio unarudi mahali pake. Mimi nitakuwa nimeshafika nyumbani, stashahada ukutani.

Njia nyingine ilikuwa kuanza upya ya chini yote, wakati karakana inafungwa saa kumi na moja na kazi inatakiwa kuwa mdomoni kesho saa tisa.

Nilifikiria mwenzangu na makovu yake. Nilifikiria neno "kamari". Nakiri nilishika mashine ya kusagia, nikaiwasha, ikalia. Nikaizima.

Nikaibeba ile ya chini mpaka kwenye meza ya mkaguzi.

"Hii siitoi. Nitatengeneza nyingine kesho."

Aliigeuzageuza. "Ungeisaga ingepita."

"Ingepita kwako, mwalimu. Isingepita kwenye mkate."

"Muda hauongezwi."

"Sikuomba uongezwe."

Mkuu wa Karakana alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo. Hakugeuka. Nikapata dakika chache kabla ya kufungwa. Nikatoa umbo la pili la plasta, lile nililomimina kwa tabia tu, nikaanza kulipaka mafuta.

Ijumaa, 25 Aprili

Saa mbili kamili nilikuwa mlangoni. Mvua ilikuwa inapiga mabati hivi kwamba hakuna aliyemsikia mwenzake, na hilo lilinifaa. Nilipanga meno ya chini upya, jino kwa jino. Sikukimbia. Neno la mzee lilikuwa kichwani: haraka ndiyo iliyomwangusha. Nilipofika kwenye kopo nilifuta ukingo kwa kidole, kisha kwa kitambaa, kisha kwa kidole tena. Nikaibana, nikaipika, na ilipokuwa inapikika nilikaa nikala chapati baridi nikiwatazama wenzangu wanavyonitazama.

Ilifunga. Niliifunga mara nyingi kwenye kifaa kwa raha ya kuisikia tu.

Saa tisa Bi Mtandio hakuwepo. Dakika zikapita. Mkaguzi akaangalia saa yake. Nilikuwa karibu kutoka nimfuate, mlango ukafunguliwa, akaingia amelowa mpaka magotini, viatu mkononi.

"Barabara imejaa maji," alisema. "Nimepita katikati. Mimi nina miadi."

Nilimvisha. Ya juu ilishika kwa mvutano mmoja. Ya chini ilikaa. Mkaguzi akamwumisha karatasi ya wino, akasoma alama: kushoto na kulia, sawa. Akamwambia aseme maneno, akasema. Akamwambia akohoe, akakohoa. Kisha mkaguzi akatoa mfukoni kipande cha mkate kilichofungwa kwa karatasi, nadhani kilikuwa chakula chake mwenyewe.

"Kula, mama."

Bi Mtandio alitazama mkate, akatutazama sisi, wanafunzi na walimu, watu wengi kuliko wa harusi yoyote machoni pake. Mkono wake ulipanda kutafuta mtandio. Ulifika shingoni, ukatulia hapo. Akauma. Akatafuna taratibu, akameza. Akauma tena. Alikula mkate wote wa mkaguzi mpaka makombo, hakuna aliyethubutu kumzuia, kisha akauliza, kwa maneno makavu kabisa:

"Na chai hakuna?"

Ijumaa, 2 Mei

Nimefaulu. Alama zimekatwa kwa nyenzo zilizopotea, ni haki yao. Mkuu wa Karakana alinipa mkono na akasema maneno mengi kuliko yote ya miaka miwili: "Nilikwambia yule aliyeanguka alikuwa mzuri kuliko wewe. Nilikosea."

Nimekwenda dirishani kumuaga mhasibu. Foleni bado ilikuwa ngazini. Nimewaambia wote, kwa sauti, kuhusu mtihani wa mapema, na alama zinazohitajika, na kwamba wasibebe mizigo sokoni muhula wa vitendo. Mhasibu alijifanya hasikii.

Bi Mtandio amenidai maji ya moto ya Aprili. Nimelipa yote.

Jumamosi, 10 Mei

Nyumbani.

Walikuja watatu kunipokea. Mwenzangu amekonda kweli. Alinikumbatia, harufu ya mkate ikanipanda kichwani. Mama mkwe alisimama nyuma kidogo, kitenge kipya. Na nyuma ya kitenge, mikono nyuma, Bibi Mdogo. Amerefuka. Meno mawili ya mbele yameng'oka, sikuwepo.

Nilichuchumaa. "Njoo, mwanangu."

Hakuja.

"Msalimie mama yako," bibi yake alimwambia.

"Mama yuko kwenye simu," alisema.

Hakuna aliyecheka. Nilidhani nimeshalipa kila kitu: ada, bima, kibali, bei ya maji. Hiki hakikuwa kwenye tangazo lolote. Sikujitetea. Nilimwambia sawa, nikasimama, nikachukua begi langu.

Nyumbani mama mkwe alinikuta jikoni, akaanza kutoa mkobani vitu vya mtoto vilivyokuwa kwake: nguo ndogo, mswaki.

"Vyake naviacha," alisema bila kunitazama. "Mimi naenda kwangu. Ulinijibu, nikasikia. Mtoto hauzwi."

"Hauzwi, Mama. Hata bibi yake hauzwi."

Alisimama na mswaki mkononi.

"Chumba cha nyuma kina kitanda," niliendelea. "Mimi nitashinda karakanani, mwanao yuko kwenye tanuri. Sikuombi uje kunisaidia. Nakuomba ukae na sisi. Mtoto awe na sisi wote, hakuna wa kumwacha mwingine."

"Na nyumba yangu?"

"Pangisha. Upandishe bei ya maji ya moto."

Hakuelewa utani, nikamweleza, akacheka mpaka akakaa. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo. Ana jino moja bovu la nyuma, nimeshaliona.

Jioni tulikula sote. Bibi Mdogo alikaa kando ya bibi yake, akinichungulia kwa pembe ya jicho. Mimi sikumwita. Nilikula. Baadaye nilikuwa nimekaa sebuleni, akaja akasimama mbele yangu, mikono nyuma, akanikagua kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu. Akanyoosha kidole kimoja, akanigusa shavu, akakitoa haraka, akakirudisha.

"Utakatika?" aliniuliza.

"Sikatiki."

Akafikiri. Kisha akapanda kwenye goti langu, akajiweka vizuri, akaanza kunisimulia habari za miaka yote miwili tangu mwanzo, bila haraka yoyote.